Usiuze Mfupa Kabla Haujaunga

NDUGU msomaji, mtu akivunjika mguu kwa ajali hujiwa na wageni wa namna mbili. Wa kwanza ni jamaa na majirani, wenye chupa ya uji na maneno ya kumtia moyo. Wa pili ni mtu mmoja, mpole wa maneno, ambaye aghalabu hutumwa na mwenye gari au mwenye karakana. Huyu naye hutoa pole. Kisha hutoa bahasha. Na baada ya bahasha hutoa karatasi. Ndani ya karatasi ile mmeandikwa kwamba majeruhi amepokea fedha kadha wa kadha, ameridhika, na hana dai lingine lolote, leo wala siku za mbele. Hapo kando pamepigwa mstari wa kutia sahihi au dole gumba.

Hatusemi kwamba kila aletaye bahasha ni mtu mwovu. Wako waungwana ambao huguswa kwa dhati na msiba wa mwenzao, na msaada wa namna hiyo hupokewa kwa shukrani. Tunalosema ni moja tu, nalo tunaliomba lisisahauliwe: siku ya ajali hakuna ajuaye mfupa utaunga namna gani. Daktari hajui, mwenye gari hajui, na majeruhi mwenyewe hajui. Basi mtu anayekubali malipo ya mwisho siku hiyo anauza kitu ambacho bei yake haijajulikana bado.

MFUPA NA SIKU ZAKE

Yafaa kwanza tufahamu mfupa unavyoponya. Mara tu unapovunjika, damu huvuja na kuganda baina ya ncha zake. Baada ya siku chache mwili huanza kujenga hapo kitu laini chenye kuzishika ncha hizo. Kitu hicho hugeuka polepole kuwa mfupa mgumu, na kwa miezi mingi baadaye mwili huendelea kuuchonga hadi ukaribie umbo lake la awali. Plasta, au P.O.P. kama wengi tuiitavyo, haiungi mfupa. Wala vyuma na misumari anayoweka daktari wa upasuaji haviungi mfupa. Kazi yake ni kuushika utulie mahali pake, ili mwili ufanye kazi yake.

Kazi hiyo ina siku zake, na haiharakishwi kwa fedha wala kwa hamu ya kurudi kazini. Mtu mzima aliyevunjika karibu na kifundo cha mkono kwa kawaida hukaa na plasta majuma kama 6. Muundi, yaani mfupa mkubwa wa mguu chini ya goti, huhitaji miezi 3 hadi 6, na pengine zaidi. Mfupa wa paja nao huhesabiwa kwa miezi. Watoto huunga upesi kuliko wazazi wao. Mvutaji wa sigara, mwenye kisukari na mtu asiyepata chakula cha kutosha hukawia.

Zaidi ya hayo, yako madhara yasiyoonekana siku ya kwanza. Mfupa waweza kuunga kombo, mguu mmoja ukawa mfupi kuliko mwenzake. Waweza kukataa kuunga kabisa, ikabidi mgonjwa apasuliwe mara ya pili. Ikiwa ncha ya mfupa ilitoboa ngozi, vijidudu vyaweza kuingia na kuleta usaha ndani ya mfupa wenyewe, na maradhi hayo ni sugu. Goti au kiwiko chaweza kukakamaa. Kiungo kilichovunjika hadi kwenye maungio chaweza kuonekana kimepona, kisha miaka ikapita, maumivu yakarejea na kukaa.

Tuchukue mfano. Mchukuzi wa mizigo mwenye mke na watoto watatu amegongwa na gari, akavunjika muundi. Juma hilo hilo anapewa shilingi 300,000/- na karatasi ya kutia dole. Kwake hizo ni fedha nyingi, kwani hajapata kuzishika kwa mkupuo. Anatia dole. Juma la pili anafurahi kwamba kodi ya chumba imelipwa. Mwezi wa pili fedha zimekwisha kwa nauli za kliniki na picha za eksirei. Mwezi wa nne daktari anamwambia mfupa haujashika, yahitajiwa operesheni. Mkewe amekwisha kuuza cherehani. Mtoto mkubwa anakwenda shule bila nauli. Anapomwendea mwenye gari, anaonyeshwa karatasi yenye dole lake: "Ndugu yangu, wewe uliridhika."

Je, alikuwa mjinga mtu huyu? La. Alikuwa na njaa na maumivu, na alipimiwa bei kabla ya mzigo kupimwa uzito. Bahasha ya msaada aliweza kuipokea. Kosa lilikuwa katika karatasi ile.

ALIYEUMIA KAZINI

Fidia ina milango kadhaa, na kila mlango una ufunguo wake. Tuanze na ajali ya kazini.

Kwa miaka mingi wafanyakazi wa Tanzania Bara walitegemea sheria iliyorithiwa tangu enzi ya ukoloni. Sheria hiyo iliweka kikomo cha malipo, na kadiri thamani ya shilingi ilivyoshuka, kikomo kile kiligeuka mzaha: mtu aliyelemaa kabisa hakuweza kupata zaidi ya shilingi 108,000/-. Mwaka 2008 ilitungwa sheria mpya ya fidia kwa wafanyakazi, nayo ndiyo iliyozaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015.

Kuna mambo matatu ambayo kila mfanyakazi na mkewe au mumewe wangefaa kuyajua juu ya Mfuko huu. La kwanza, mchango hutolewa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti katika mshahara wake kwa ajili hiyo, na mwajiri anayemkata anamwonea.

La pili, mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alifanya uzembe. Linaloulizwa ni kama ajali ilitokea kwa sababu ya kazi na wakati wa kuifanya. Kwa hiyo yule anayeambiwa, "Mashine haikuwa na kasoro, wewe mwenyewe uliteleza," asivunjike moyo akadhani mlango umefungwa.

La tatu, fidia si bahasha moja. Yako matibabu. Yako malipo ya muda ambao majeruhi hawezi kufanya kazi, nayo hukadiriwa kwa asilimia 70 ya mapato yake. Uko ulemavu wa kudumu, ambao hupimwa kwa asilimia baada ya tiba kufikia mwisho wake. Ukiwa mdogo hulipwa kwa mkupuo, ukiwa mkubwa hulipwa pensheni ya kila mwezi. Uko pia utengamao, yaani kumsaidia mtu arudi kazini au ajifunze kazi nyingine. Na mfanyakazi akifariki, mjane na watoto nao wana haki zao.

Tazama, msomaji, jinsi utaratibu huu unavyokubaliana na tabia ya mfupa. Ulemavu wa kudumu haupimwi siku ya ajali. Watunga sheria nao walitambua kwamba hapana budi kungoja.

Lakini kungoja mfupa si kungoja kutoa taarifa. Mfanyakazi, au ndugu yake kwa niaba yake, ampashe mwajiri habari mara moja, na ikiwezekana kwa maandishi. Mwajiri naye ana siku 7 za kuufikishia Mfuko taarifa hiyo. Ikiwa miezi 12 itapita tangu siku ya ajali bila taarifa kutolewa, haki yaweza kupotea. Wako wasimamizi wanaomwambia majeruhi, "Tulia, tutakutibu wenyewe, mambo ya ofisini achana nayo." Tiba yao ipokelewe, ila taarifa itolewe vile vile, maana maneno matamu ya mwezi wa kwanza huenda yakakauka mwezi wa sita.

Vibarua nao wasijidharau. Wengi hudhani kwamba mtu asiye na mkataba wa maandishi hana haki. Sheria zetu za kazi hutazama uhusiano ulivyo kwa hakika: nani anakupangia saa, nani anakuelekeza kazi, nani anakupa vifaa, nani unamtegemea kwa riziki. Kwa hiyo kitabu cha mahudhurio, kadi ya getini, ujumbe wa malipo ulioingia katika simu na wenzako waliokuwapo ni ushahidi. Mwajiri akisema hajajisajili katika Mfuko, hilo ni kosa lake. Nenda ukaeleze habari katika ofisi za Mfuko, na kama una chama cha wafanyakazi mahali pako pa kazi, kiende pamoja nawe.

ALIYEUMIA BARABARANI

Mlango wa pili ni wa ajali za barabarani, ambazo kwa sasa, pamoja na wingi wa pikipiki katika miji yetu, hazimwachi mpita njia, abiria wala mchuuzi wa pembeni.

Sheria ya bima ya magari haimruhusu mtu kuendesha chombo cha moto barabarani bila angalau ile bima ambayo watu huiita bima ndogo. Wengi huidhania kuwa ni karatasi ya kumridhisha askari wa usalama barabarani. Kumbe bima hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu wengine wanaoumizwa na chombo hicho: mtembea kwa miguu, mpanda baiskeli, abiria aliyelipa nauli. Dereva mwenye kosa hafidiwi maumivu yake kwa bima ndogo. Wewe uliyegongwa ndiye uliyekusudiwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza, baada ya uhai kusalimika, ni kujua namba ya gari. Ndugu waliofika mahali pa ajali waandike namba hiyo, jina la dereva, na majina ya mashahidi wawili watatu pamoja na namba zao za simu. Kwa namba ya gari inawezekana kuhakikisha kama lina bima na ni ya kampuni gani, kwani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima inayo kumbukumbu hizo.

Jambo la pili ni polisi. Fomu namba 3 ya polisi, PF3, humfuata majeruhi hospitalini, na humo daktari huandika aliyoyaona. Mgonjwa anayevuja damu awahishwe kwa daktari, na ndugu mwingine akimbilie kituoni kuifuatia fomu. Baadaye hutakiwa pia ramani ya mahali pa ajali na taarifa ya ukaguzi wa gari. Palipo na mapatano ya chini kwa chini, "tuyamalize wenyewe, polisi wa nini," karatasi hizi hazipatikani. Na bila ya karatasi hizi kampuni ya bima ina kila sababu ya kufunga faili.

Hapa pana kosa moja linalorudiwa mara nyingi. Dereva hupelekwa mahakamani, hukiri, hutozwa faini, na familia ya majeruhi hurudi nyumbani ikidhani kwamba shauri limekwisha. Faini ile huingia katika hazina ya Serikali. Haimfikii aliyevunjika. Fidia ni dai la pembeni ambalo majeruhi hulidai mwenyewe, kwanza kwa kampuni ya bima, na ikishindikana, mahakamani. Hata hivyo hukumu ile ya dereva ni ushahidi wenye nguvu. Omba nakala yake uihifadhi.

Muda wa kufungua dai la madhara kama haya mahakamani ni miaka 3. Huo ni muda wa kutosha kuuacha mfupa uunge na daktari aandike taarifa ya mwisho. Si muda wa kulala. Kampuni ya bima nayo iarifiwe mapema, usingoje mwaka wa tatu. Ikikuletea hati ya kumaliza madai, isome mpaka mwisho au usomewe na mtu asiyekuwa na masilahi ndani yake. Usiporidhika, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima hupokea malalamiko, na ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyowekwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Ikiwa uligongwa barabarani ukiwa katika shughuli za mwajiri wako, kama tarishi au dereva wa kampuni, milango yote miwili yakuhusu. Usifiche huku ulilodai kule. Eleza wazi pande zote.

KARATASI NDIZO MASHAHIDI

Sasa tunaingia nyumbani, na hapa tunazungumza hasa na yule atakayemuuguza mgonjwa. Majeruhi amelala, anayetunza ushahidi ni wewe. Tafuta mfuko mmoja wa nailoni au bati la biskuti, na ndani yake tia kila karatasi: nakala ya PF3, kadi ya hospitali, picha za eksirei, cheti cha mapumziko, stakabadhi ya dawa, ya magongo, ya teksi. Picha za eksirei zisikunjwe wala kuwekwa juani.

Sababu yake ni hii. Mahakama hugawa fidia katika mafungu. Fungu moja ni la hasara zinazohesabika, kama dawa, nauli na mshahara uliokosekana. Hizo hudaiwa kwa uthibitisho, senti kwa senti, na usipokuwa na stakabadhi utakuwa umezitoa sadaka. Fungu la pili ni la maumivu na upungufu wa maisha, nalo hakimu hulikadiria kwa kutazama taarifa ya daktari. Kwa hiyo, tiba inapofikia mwisho, mwombe daktari aandike bayana: mfupa gani ulivunjika, ulitibiwa vipi, umeunga namna gani, na mgonjwa hawezi tena kufanya nini. "Amepona" ni neno fupi mno kwa mchukuzi asiyeweza tena kuinua gunia.

Ni vyema pia kuweka daftari. Andika tarehe za kliniki, siku alizoshindwa kulala kwa maumivu, siku aliyokanyaga chini mara ya kwanza. Kumbukumbu ya binadamu hufifia baada ya mwaka, wino haufifii upesi hivyo.

Na je, mhazigi? Wako wahazigi wenye mikono ya ustadi, na hatukusudii kuwatukana wazee wetu. Lakini mifupa mingine huvunjika kwa ndani kwa namna isiyopapasika, na mabanzi yaliyokazwa mno yameshawahi kuzuia damu hadi kiungo kikaoza na kukatwa. Vidole vikivimba, vikifa ganzi, vikiwa baridi au kubadilika rangi, banzi au plasta ilegezwe na mgonjwa arudishwe hospitali saa hiyo hiyo. Pamoja na hayo, mhazigi hana eksirei wala cheti. Anayetoroka wodini juma la kwanza kwenda kuungwa kijijini huacha nyuma tiba na ushahidi pamoja.

Mwisho kuna vishoka. Hawa hurandaranda karibu na hospitali na vituo vya polisi, wakiahidi kukufuatilia fidia kwa mgawo wa nusu kwa nusu. Usimkabidhi mtu kama huyo karatasi zako halisi. Tangu mwaka 2017 tunayo sheria ya msaada wa kisheria, na wako wasaidizi wa kisheria na mashirika yaliyosajiliwa ambayo humhudumia asiye na uwezo bila ya malipo. Ustawi wa Jamii katika halmashauri yako watakuelekeza.

Ndugu msomaji, tunajua kwamba ushauri wa kungoja ni mchungu kwa mtu ambaye sufuria yake haina kitu. Kwa hiyo tunautolea nyongeza. Mwenye gari au mwenye karakana akitoa fedha za kusaidia, zipokee kwa maandishi haya: "Nimepokea shilingi kadhaa kuwa msaada wa matibabu, na madai yangu mengine yanabaki." Aliye na nia njema hatachukia sentensi hiyo. Atakayeichukia amekufunulia nia yake. Ndugu wa majeruhi nao wafanye mchango ili nyumba isilazimike kuuza haki yake kwa bei ya unga wa mwezi mmoja. Na wafanyakazi wenzake wasiishie kumpa pole, bali waandike waliyoyaona wakati ajali ingali mbichi vichwani mwao.

Mguu ukiunga vyema, tutamshukuru Mungu na daktari, na dai litakuwa dogo. Ukiunga vibaya, dai litakuwa kubwa, na itapasa liwepo bado mkononi mwako ili ulidai.

Jumapili ijayo, inshallah, tutazungumza juu ya mtoto aliyeungua moto jikoni, na mambo ambayo mama asiyafanye katika dakika 10 za mwanzo.